Ukiulizwa "Au Siyo?"

Mfaranyaki, Songea
Jumapili jioni

Mwanangu Skolastika,

Umesema nisije. Begi langu lilikuwa limeshafungwa, shati la kuvaa Dar es Salaam limeshapigwa pasi na mama yako, na nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu wa mtaa huu kwamba kesho nakusindikiza hadi mlangoni pa chumba cha mtihani. Halafu wewe, umesimama pale karibu na pipa la maji, ukasema, "Baba, naomba usije." Nikatoka. Nilisikia umeongeza maneno mengine nyuma yangu, lakini nilikuwa nimeshavuka barabara.

Nimetembea hadi Ruhuwiko, kwenye kiwanja cha ndege. Hakukuwa na ndege. Kulikuwa na mbuzi wa mtu wanakula majani pembeni, na mawingu yamekaa juu ya milima ya Matogoro kama yamepanga huko. Nikasimama, nikajikuta napima kwa macho: leo kuna joto, ndege ndogo yenye watu sita ingehitaji kukimbia mpaka wapi kabla ya kunyanyuka? Wewe ndiye uliyeniharibia macho. Zamani nilikuwa naona uwanja tu, nikapita zangu.

Sasa nimerudi. Mama yako yuko jikoni, wewe umekwenda kuaga kwa shangazi yako. Nimekaa barazani kwenye meza yetu ileile na ninaandika yale ambayo ningeyasema ndani ya basi, kati ya hapa na Makambako, wakati wewe ungekuwa unajifanya umelala. Habari za begi, za chakula cha njiani na za kutopokea soda kwa mtu usiyemjua, mama yako ameshazisema kupita kiasi. Sizirudii.

Nianze na mtihani wa kwanza, maana hatujawahi kuuzungumzia bila mimi kupandisha sauti.

Ulinieleza hivi. Kabla rubani hajapewa leseni ya biashara, ile ya kubeba abiria kwa malipo, anakaa kwanza mezani na mtahini, anaulizwa kwa mdomo. Akishindwa hapo, siku hiyo hata ndege haigusi. Mtahini wako alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, anavaa miwani kwenye kamba. Akakuuliza kwa Kiingereza karatasi zipi lazima ziwe ndani ya ndege, ukajibu. Akakuuliza mafuta ya akiba, ukajibu. Hali ya hewa, ukajibu. Kisha akakupa mfano: uwanja mfupi wa udongo huku kwetu kusini, saa saba mchana, jua kali, ndege ndogo, mfanyabiashara wa madini na mizigo yake. Fanya hesabu. Ukafanya. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa halipati cha kushika, kwa hiyo ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Ukaona mzigo umezidi na uwanja hautoshi. Ukaandika hivyo, ukapiga na mstari chini yake.

Hapo yule mzee akaegemea kiti. Akakiacha Kiingereza. Akasema kwa Kiswahili kizuri, kama mtu anayeongea na mkwe: "Sasa, binti yangu. Mteja wetu ni mtu mkubwa, ana mkutano jioni. Uzito umezidi kidogo tu. Tunaondoka, au siyo?"

Nawe ukasema, "Ndiyo, mzee."

Akafunga jalada.

Ulipofika Songea na habari hiyo, nilikuuliza swali ambalo baba yeyote angeuliza: "Hukusoma?" Ukatoa ile karatasi ya hesabu, ukaniwekea mbele. Niliikagua mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nakagua hesabu zako za darasa la saba. Hapakuwa na kosa. Nikakuuliza, "Sasa ilikuwaje mkono uandike hapana, mdomo useme ndiyo?"

"Sijui, baba. Alikuwa mzee. Na alisema kwa upole."

Nilikasirika sana siku ile, na wewe ulidhani nimekukasirikia wewe. Nilikuwa nimemtambua aliyekufundisha jibu hilo.

Nani alikufundisha kupiga magoti unapomsalimu mkubwa, hata sokoni, hata penye matope? Nani alisema mtoto akiitwa anaitikia "abee" akiwa ameshaanza kukimbia? Ulikuwa bado mdogo sana ulipomwambia baba mkubwa, "Hapana, mimi sitaki kwenda kisimani." Nilikuchapa. Nikakwambia mtoto wa watu hamwambii mkubwa hapana, anasema "nimesikia." Baadaye wageni walikuwa wanakaa hapa barazani, unawaletea maji ya kunawa, unapiga magoti, nao wananiambia, "Bwana shamba, binti yako ana adabu." Nilikuwa navimba kama andazi. Sijuti kwamba una adabu. Lakini nilikupa mlango wa kuingilia tu, wa kutokea sikukuonyesha, kwa sababu mimi mwenyewe sikuujua ulipo.

Ngoja nisimame kidogo. Mgongo.

Unajua kwamba kule Maposeni, wakati nikiwa bwana shamba wa kata, waliniita Bwana Ndiyo. Ulikuwa unacheka ulipolisikia jina hilo, ukadhani ni kwa sababu nilikuwa mkarimu, simkatalii mtu. Nilikuacha udhani hivyo. Jina lilikuja namna hii.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilianza kuhama mikono. Mbegu na mbolea ambazo zamani zilikuja kwa lori la umma, sasa huyu anasema ni kazi ya ushirika, yule anasema ni kazi ya wafanyabiashara, na wafanyabiashara wenyewe bado hawajafika. Msimu huo mbegu za mahindi zilichelewa. Mvua za kwanza zimepita, Krismasi imepita, watu wa Maposeni wamekaa na majembe yao. Zilipofika, zilikuwa mbegu za muda mrefu, zile ambazo zinataka mvua miezi mingi. Mkuu wangu wa kazi alikuja nazo mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, mtu mwema, ndiye aliyeniombea nafasi ya masomo. Akasimama juu ya lori mbele ya mkutano. Akasema bado wakati wa kupanda upo. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho: "Au siyo, bwana shamba?"

Nilijua. Nilikuwa nimeshahesabu kichwani siku za mbegu ile na siku za mvua zilizobaki, na hazikukutana. Nikasema, "Upo, mzee."

Nataka uelewe jambo moja hapa, Skola, maana watu wakisimulia mambo kama haya husema waliogopa. Mimi sikuogopa. Ile ndiyo haikunikwaruza koo hata kidogo. Ilitoka laini. Nilijisikia mtu niliyelelewa vizuri. Mzee amesimama mbele ya watu, ameomba mkono, na mimi nimempa mkono. Jioni nikaandika katika dayari yangu: "Maposeni. Manyunyu. Mkutano umekwenda vizuri." Nimefungua dayari hiyo wiki hii kuhakikisha. Ndivyo nilivyoandika, kwa mwandiko mzuri.

Waliopanda kwa neno langu mahindi yao yalitoa mbelewele mvua zikiwa zimekwisha. Magunzi yalikuwa na punje hapa na pale kama meno ya kizee. Mkuu wangu hakurudi Maposeni mwaka ule. Aliyepaswa kurudi ni mimi, kila wiki, na pikipiki. Bibi mmoja ambaye shamba lake lilikuwa kando ya barabara ya Peramiho alikuwa akiusikia tu mlio wa pikipiki anapaza sauti kwa majirani: "Bwana Ndiyo huyo anakuja! Ficheni majembe, asije akayaambia ndiyo nayo!" Watoto wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Nilishuka, nikamsalimu shikamoo. Akaitikia vizuri marahaba, akanipa kigoda, akanipa na togwa. Baada ya hapo akaniuliza taratibu, "Ulikuwa hujui, au ulijua?"

Nikamwambia, "Nilijua, bibi."

"Basi afadhali ungekuwa hujui."

Hesabu zako siku ile zilikuwa sahihi, mwanangu. Na zangu pia.

Ndiyo maana uliporudi nilibuni ule mchezo. Hukujua ulitoka wapi, ulidhani baba amepata kazi ya kumpumzisha baada ya kupunguzwa kazini. Nikavaa koti langu la kanisani na miwani ya kusomea, nikakaa kwenye meza hii, nikawa mtahini. Tukakubaliana: nitakuuliza yaliyomo vitabuni mwako, na katikati nitatupa "au siyo," na kazi yako ni kuikamata kabla haijaingia.

Siku za kwanza ulikuwa unaangamiza watu kwa wingi. Nakumbuka nimekaza uso, nikasema, "Bibi rubani, mafuta ya kufika yapo. Ya akiba hayapo, lakini njia unaijua kama kiganja chako. Tunakwenda, au siyo?"

"Ndiyo, mze... Hapana! Hapana!"

Mama yako akapaza sauti kutoka jikoni: "Umechelewa! Tumeshakufa wote, na mimi nilikuwemo!"

"Mama, acha, mtahini anasikia."

"Mtahini gani anavaa kandambili?"

Tulicheka. Lakini polepole ukaanza kuikamata. Nikisema mawingu yameshuka ila abiria ana harusi, unasema, "Hapana, mzee, tutasubiri." Nikisema injini inakohoa kidogo tu, unasema, "Hapana, mzee, aitwe fundi." Uliponiambia, "Hapo sina hakika, naomba nifungue kitabu," nilitaka kukukumbatia, ila mtahini hakumbatii. Nilifurahi kuliko unavyojua. Nilianza kulala.

Halafu mimi mwenyewe nikaharibu. Ndilo jambo ambalo limenikalisha hapa.

Unakumbuka Mzee Mfaume alipokuja, rafiki yangu wa Tunduru, wa korosho, ambaye akifika Songea halali kwingine ila hapa. Tulikuwa tumemaliza kula. Sikuwa mtahini tena; nilikuwa nimeshavua koti na miwani. Nikataka kumwonyesha mgeni kwamba na mimi sasa nimeingia katika mambo ya ndege. Nikaanza kueleza habari za barafu inayoziba kabureta ya ndege angani. Nikasema, "Mimi nimeendesha pikipiki ya kazi kata zote hizi, masika na kiangazi, sijaona barafu kwenye kabureta hata siku moja. Hiyo ni habari ya Ulaya. Kwa joto letu haiwezekani, au siyo, mama?"

Nawe ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku unakusanya sahani: "Hapana, baba. Inawezekana hata kwenye joto, hewa ikiwa na unyevu. Petroli ikigeuka mvuke inapoza. Mawingu kama haya ya Matogoro ndiyo hasa."

Nikapiga meza. Glasi ya mgeni ikaanguka. "Unanibishia mbele ya mgeni?"

Mzee Mfaume akaokota glasi, akaiweka mezani, akasema, "Wallahi, bwana shamba, mtahini akikasirika ujue mtahiniwa amefaulu."

Mama yako hakucheka. "Wiki nzima unamfundisha mtoto kusema hapana," akasema. "Leo kaisema, unataka airudishe kabatini?"

Ningeweza kucheka pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa, watu wawili wameushika. Lakini nilinuna. Nawe ukaweka sahani chini, ukapiga magoti pale kwenye sakafu, mtu mzima uliyekwisha kuendesha ndege peke yako juu ya mawingu, ukasema, "Nisamehe, baba."

Nami nikasema, "Haya, yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Asubuhi yake tulikaa tena mezani. Mtego wa kwanza niliutupa mwepesi kabisa, wa mtoto: taa ya onyo inawaka, lakini labda ni waya tu, tunaendelea, au siyo? Ukasema, "Ndiyo, mzee." Nikasubiri ujirekebishe. Hukujirekebisha. Hukusikia hata ulichosema, ukawa unangoja swali linalofuata, kalamu mkononi, na uso wa mtoto mwenye adabu.

Sikukuonyesha kosa. Nilifunga kitabu nikasema kichwa kinauma. Tangu hapo tumefanya mchezo huo, nawe umejibu mara sawa mara si sawa, na mimi kila ukijibu sawa nashindwa kujua ni wewe unayejibu au ni mchezo unaojibu.

Ulikuwa sahihi kuhusu kabureta. Ukurasa huo niliusoma katika kitabu chako siku iliyofuata ulipokwenda sokoni, na kamusi pembeni. Ninyi ndio mnasema hewa yenye unyevu. Mimi nasema mawingu kama haya ya Matogoro. Ulikuwa umeshaniwekea katika lugha yangu, na bado sikutaka kusikia. Ilinipasa kuja kukwambia siku ileile. Nakwambia leo. Na lile goti ulilopiga, ningelirudisha kama kungekuwa na mahali pa kulirudishia.

Mama yako amepita hapa sasa hivi na mchele kwenye ungo. Akasimama.

"Unamwandikia barua mtu aliyeko kwa shangazi yake?"

"Ataisoma njiani."

"Si ungengoja arudi umwambie?"

"Nikimwambia nitagomba."

Akapepeta kidogo. "Mchana ulimsikiliza mpaka mwisho?"

"Alisema nisije. Nimsikilize nini zaidi?"

"Alisema zaidi. Wewe ulikuwa umeshafika barabarani unapunga mikono kama unafukuza kunguru. Alibaki anaongea na pipa la maji. Mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Baba akiwa nje ya mlango, nitakuwa namjibu yeye.'"

Akaingia ndani na mchele wake.

Nimeiacha kalamu, nimekwenda hadi uani, nimerudi, nimekwenda tena. Jirani ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Skola, sasa nikwambie kinachoninyima utulivu, halafu nikuache. Watu wanadhani naogopa usije ukashindwa tena. Naogopa, ndiyo. Nafahamu kwamba ile kampuni ya vindege vya kukodi imesema itakungoja mpaka mtihani huu, haikusema itakungoja mpaka mwingine. Siku hizi nafasi haikai. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu mtu mwingine amekaa. Zamani serikali ilikusomesha na serikali ikakupokea. Leo umesomeshwa na huku, unapokewa na kule, na katikati kuna mto hauna daraja. Hayo nayajua. Lakini ninaloliogopa zaidi ni kwamba utafaulu ukiwa bado na ile ndiyo mdomoni.

Kwa sababu yule mzee mwenye mvi anafunga jalada tu. Wateja hawafungi jalada. Mzee Mfaume aliniambia asubuhi ile alipokuwa anaondoka, nami sikukufikishia kwa sababu nilikuwa bado nimenuna. Alisema, "Mwambie binti yetu hivi. Mimi mwenyewe nikikodi ndege, nikaambiwa gunia moja libaki, nitagomba. Nitataja majina ya wakubwa wote ninaowajua na wawili nisiowajua. Nitamwita mwanangu, nitamwita mama, nitamwambia hata baba yako ni rafiki yangu. Asinisikilize. Inshallah nitamshukuru nikishafika." Ndivyo watakavyokuja kwako, mwanangu. Watakuja wakingoja shikamoo, na mvi zao, na upole. Mtu atakayekutisha kwa matusi utamweza, nakujua, una kichwa cha mama yako. Atakayekupoteza ni yule atakayekuita binti yangu.

Nadhani yule mtahini alilijua hilo. Nilimchukia miezi hii yote, nikasema alikutega. Leo Ruhuwiko, nikiwa na wale mbuzi, nimemfikiria vingine. Mtu aliyekaa na Kiingereza saa nzima, akasubiri mpaka mwisho ndipo akageukia Kiswahili, alikuwa anajua wazi kwamba vitabu vyako vyote umevisoma kwa Kiingereza, na malezi yako yote umeyapata kwa Kiswahili. Alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba ya pili kuona kama kuna mtu. Pengine na yeye ana Maposeni yake mahali fulani.

Kwa hiyo akikuuliza tena, na atakuuliza, kwa maneno mengine, siku nyingine ya joto, usimwone adui na wala usijifanye mkali. Sikwambii uache adabu. Neno "mzee" libaki palepale. "Hapana, mzee" ni maneno mawili, na yote mawili yanakaa mdomoni mwa mtu aliyelelewa vizuri. Miaka yote nilidhani moja lazima limfukuze mwenzake. Ukitaka kupiga magoti, piga magoti, na useme hapana ukiwa chini hapohapo. Uzito utakuwa bado umezidi.

Na kama ndiyo itakutoka, maana ni ya siku nyingi na ina mizizi, usiiache iende. Mimi niliiacha. Pale Maposeni mkutano ulichukua muda mrefu baada ya neno langu. Walipokea mbegu, walipanga mstari, waliuliza maswali. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kusema, "Samahani, mzee, nimekosea kujibu." Nilikuwa naona aibu kuonekana mtu wa maneno mawili. Sema maneno mawili, Skola. Hata kama ameshaanza kufunga jalada. Hata kama injini imeshawaka na watu wamefunga mikanda.

Nakusikia. Umerudi, unaongea na mama yako jikoni, sauti zenu ziko chini. Nadhani mnaulizana kama bado nimekasirika. Sikukasirika. Niliumia, na mtu wa umri wangu akiumia hana sura nyingine ya kuvaa. Nimekuwa nikikulaumu tangu mchana kwa sababu umenikatalia, nikasahau kwamba hapana hii haikuwa ya mchezo wa mezani. Sikuwa na koti wala miwani. Sikusema "au siyo." Nilikuwa baba yako, begi limefungwa, mtaa mzima umeshaambiwa, na wewe umesimama wima ukanitazama ukasema ulichokuwa umehesabu. Uliniambia na sababu. Aliyeshindwa kukaa mpaka mwisho wa jibu ni mimi.

Sasa nafunga. Barua hii nitaiweka kwenye kitabu chako cha hali ya hewa, huko ndiko utakakofungua kwanza.

Alfajiri nitakubebea begi hadi stendi, hilo usinikatalie, ni hadi stendi tu. Mama yako atalia kidogo na kukulaumu kwa kumliza. Mimi nitasimama karibu na mlango wa basi, na najijua, mguu utataka kupanda ngazi wenyewe. Kondakta ataniona nimevaa shati la pasi. Ataniambia, kama wanavyosema wote wakiwa na haraka, "Mzee, unakwenda na binti, au siyo?"

Nitamjibu hapana.

Niliyebaki Songea,
Baba yako